Ngumi Huanzia Kichwani: Ubongo na Neva za Bondia Akiwa Ulingoni

Jabu, ile ngumi nyepesi iliyonyooka ya mkono wa mbele, ya bondia aliyefundishwa vizuri, tangu bega linapoanza kusogea mpaka glovu inapogusa uso, haifikishi robo ya sekunde. Wapo wanaoimaliza safari hiyo kwa milisekunde 100 na ushee, na milisekunde moja ni sehemu ya elfu ya sekunde. Sasa mtazame anayepigwa. Mwanga unaingia jichoni, retina inaugeuza kuwa umeme, na umeme huo unafika kisogoni, kwenye eneo la ubongo linaloshughulikia kuona, baada ya milisekunde 50 hivi. Hapo bado hajajua kinachokuja ni nini. Ubongo utambue kwamba ni ngumi, uamue ni ya kukwepa au ya kuzuia, uchague upande, utume amri ishuke uti wa mgongo, kisha misuli ianze kuvuta. Mtu asiye na kazi nyingine yoyote, akiambiwa abonyeze kitufe mara taa iwakapo, hutumia kama milisekunde 200. Akipewa taa mbili au tatu za kuchagua, anazidi hapo kwa mbali.

Hesabu hazikubali. Kwa hesabu hizi, kila jabu iliyorushwa katika ukumbi wa Lugogo hapa Kampala ingefika usoni bila kipingamizi, na kukwepa kungekuwa bahati tu. Lakini sote tumeona mabondia wakisogeza kichwa inchi mbili na kuiacha ngumi ipite hewani, mara kumi katika raundi moja. Wanawezaje?

Wanaweza kwa sababu bondia mzuri hasubiri kuiona ngumi. Anaitabiri. Ubongo wake umeshapiga ramli ya kitakachotokea kabla mkono wa mwenzake haujaondoka kidevuni, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita kipaji ulingoni ni usahihi wa ramli hiyo. Jambo hili ndilo la kushika katika mazungumzo yote kuhusu ngumi, kwa sababu linaeleza ufundi wa mchezo huu na linaeleza pia hatari yake. Chombo kinachomkinga bondia ndicho hicho hicho kinacholengwa na mpinzani.

Macho yanatazama wapi

Mwangalie kijana aliyeanza mazoezi wiki hii. Macho yake yanakimbizana na glovu za mwenzake. Glovu ikienda kushoto, naye kushoto. Mzoefu hafanyi hivyo. Macho yake yametulia usawa wa kifua au chini kidogo ya kidevu cha mpinzani, na mikono anaiona kwa pembe za macho. Hili lina sababu ya kimaumbile. Katikati ya retina ndipo penye uwezo wa kuona kwa undani, kusoma herufi na kutambua sura. Kandokando yake herufi hazisomeki, lakini mwendo unanaswa upesi sana. Bondia hahitaji kusoma maandishi yaliyo kwenye glovu. Anahitaji kujua nini kimesogea.

Na kinachosogea kwanza si mkono. Hakuna anayeweza kurusha ngumi yenye uzito bila kuuandaa mwili mzima, la sivyo angeyumba mwenyewe. Kwa hiyo ubongo wa mpigaji, kabla haujauachia mkono, hutuma amri kwenye misuli ya miguu, nyonga na mgongo ili ijikaze. Maandalizi haya hutangulia ngumi kwa makumi ya milisekunde, na mwenyewe hana habari nayo. Uzito unahamia mguu mmoja, nyonga inageuka kidogo, bega linapanda, pumzi inavutwa. Neva zake mwenyewe ndizo zinazomtolea siri. Bondia aliyeona maelfu ya mabega yakipanda anajua, bila kujua kwamba anajua, kwamba bega la namna hii huleta mkono wa kulia na la namna ile huleta ngumi ya kuzungusha.

Ndiyo maana hadaa inafanya kazi. Ukilipandisha bega kisha ukaishia hapo, ubongo wa mpinzani unaimalizia ngumi ambayo hukuirusha. Mikono yake inapanda kulinda uso, na tumbo linabaki wazi. Hadaa haimfai kitu bondia anayepambana na mtu asiyejua mchezo, kwa sababu huyo hatabiri chochote. Inawanasa wanaojua.

Hapa Uganda tuna jambo ambalo nimekuwa nikilitafakari kwa muda mrefu. Ayub Kalule, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa WBA (WBA, WBC na IBF ni vyama vinavyotoa mikanda ya dunia) mwaka 1979 kwa kumshinda Masashi Kudo nchini Japani, alikuwa bondia wa mkono wa kushoto. Cornelius Boza-Edwards, mzaliwa wa Kampala aliyekuwa bingwa wa WBC mwaka 1981, vilevile. Kassim Ouma, bingwa wa IBF mwaka 2004 katika uzani usiozidi kilo 70, naye wa kushoto. Sidai kwamba ukashoto peke yake uliwapa mikanda, maana wote watatu walikuwa mafundi kwelikweli. Lakini fikiria anachokutana nacho mpinzani wao. Tangu utotoni amesparingi, yaani amepigana kwa mazoezi, na watu wanaotanguliza mkono wa kushoto na kuuficha wa kulia. Akiba ya dalili aliyoijenga kichwani ni ya watu hao. Anapokutana na mashoto, bega linalopaswa kumwonya liko upande mwingine, mguu umesimama mahali asipopazoea, na ngumi nzito inatoka kona ambayo ubongo wake hauna kumbukumbu nayo ya kutosha. Ramli inachelewa kidogo, na katika mchezo huu kuchelewa kidogo ni kupigwa.

Kutoka kichwani mpaka glovuni

Amri ya kupiga huanzia kwenye utepe wa ubongo unaopita juu ya kichwa kutoka sikio hadi sikio, ambako kila kiungo kina eneo lake. Mkono na vidole vimepewa eneo kubwa kuliko mgongo wote. Neva zinazobeba amri hiyo huvuka upande chini kabisa ya shina la ubongo, ndiyo maana ubongo wa kushoto ndio unaorusha ngumi ya kulia. Zimevikwa ala ya mafuta inayoupitisha umeme kwa kasi ya makumi ya mita kwa sekunde, na kutoka kichwani hadi misuli ya mkono safari nzima ni milisekunde 20 hivi. Mwisho wa neva, umeme unageuka kuwa kemikali iitwayo asetilikolini, nayo inauamsha msuli.

Kasi ya umeme huo haiongezwi na mazoezi kwa kiasi cha kutajika. Bondia wa kitaifa na kinyozi wa Wandegeya hawatofautiani sana hapo. Tofauti yao iko kwenye mpangilio. Anayejifunza hukaza kila kitu kwa pamoja, msuli unaonyoosha mkono na ule unaoukunja, na hiyo misuli miwili inashindana ndani ya mkono mmoja. Makocha wanapopiga kelele "Legeza bega! Legeza!" wanadai kitu kilicho sahihi kabisa kisayansi: uti wa mgongo ujifunze kuuzima msuli mmoja wakati mwingine unafanya kazi.

Sehemu inayofanya kazi kubwa zaidi katika kujifunza huku ni serebela, kile kipande cha ubongo kilichojikunja kisogoni chini. Ubongo wa binadamu una seli za neva bilioni 86 hivi, na karibu nne kati ya kila tano zimo humo, ingawa ni kipande kidogo. Kila mwendo unapoanza, serebela hukisia matokeo yake, kisha hulinganisha kisio na kilichotokea. Kosa likionekana, kisio kinarekebishwa. Ukipiga begi mara elfu, umesahihishwa mara elfu. Ndani zaidi ya ubongo kuna vifundo vingine vya seli vinavyounganisha miendo midogo kuwa mnyororo mmoja, kiasi kwamba jabu, mkono wa kulia na hatua ya kurudi nyuma vinatoka kwa amri moja badala ya tatu. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kufikiri na kupanga, inapumzishwa ishughulike na mbinu za pambano.

Ukitaka kuliona hili kwa macho, nenda ukatazame mazoezi ya pedi, zile bapa laini anazovaa kocha mikononi ili bondia azipige. Ngumi za Uganda zililelewa kwa sehemu kubwa na jeshi, polisi na magereza, na Kiswahili cha kambini bado kinasikika kwenye klabu nyingi za Kampala. Jioni moja Naguru nilimtazama kocha mmoja akimshikia pedi kijana wa miaka kama 17. Mwanzoni alikuwa anaita: "Moja! Moja, mbili! Moja, mbili, rudi!" Kisha akanyamaza. Akawa anasogeza pedi tu, na kijana anajibu. Ghafla akaishusha pedi ya kushoto usawa wa mbavu, jambo ambalo hakuwa amelifanya jioni hiyo, na mkono wa kijana ukaifuata na kuigonga katikati.

"Hapo umefanya nini?" kocha akamuuliza.

"Sijui, afande. Mkono umekwenda wenyewe."

Kocha akacheka na kuirudisha pedi juu. Ukweli ni kwamba kijana alikuwa ameeleza vizuri kuliko alivyodhani. Mwendo uliokwisha zama ndani ya serebela na vifundo vile hauna maneno, na bondia anayejaribu kuufikiria anauchelewesha.

Mafunzo hayo huendelea kuimarika wakati wa usingizi. Kijana anayefanya mazoezi jioni, akakesha akiendesha bodaboda, anapoteza sehemu ya alichokifanyia kazi. Najua wengi hawana hiari. Nalitaja kwa sababu makocha wengi hulihesabu suala la chakula na kulisahau la usingizi.

Adrenalini na dakika moja ya kona

Ingia chumba cha kubadilishia nguo kabla ya pambano. Huyu amekwenda haja ndogo mara ya nne, yule anapiga miayo, mwingine kinywa kimemkauka na viganja vimekuwa baridi. Si woga wa kuonea aibu. Amigdala, kifundo kidogo ndani ya ubongo kinachonusa hatari, imeshatoa taarifa. Mfumo wa neva wa dharura umewashwa, na tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, mboni za macho zinatanuka, njia za hewa zinafunguka, ini linaachia sukari, na damu inaondolewa tumboni na kwenye ngozi ili ipelekwe kwenye misuli mikubwa. Mwili unajiandaa kwa vita kwa njia ile ile uliyowaandaa mababu zetu.

Adrenalini ya kiasi humfanya bondia awe mwepesi. Ikizidi, inamharibu. Uwezo wa kuona unakuwa mwembamba, sehemu ya mbele ya ubongo inapoteza sauti, na bondia anarudi kwenye tabia zake za zamani, nzuri na mbaya. Ataishusha mikono ikiwa ndivyo alivyozoea anapochoka mazoezini. Masikio nayo hufungwa kwa namna fulani: kelele za ukumbi na sauti ya kocha zinachujwa na ubongo usio na nafasi ya kuzisikiliza.

Kwa hiyo dakika moja ya mapumziko kati ya raundi ni dakika ya neva kuliko ya misuli. Nimeona kona ambazo watu watatu wanaongea kwa pamoja, mmoja Kiluganda, mmoja Kiswahili, mmoja Kiingereza, na kila mmoja ana maagizo matano. Hakuna linaloingia. Kona inayojua kazi inaanza na pumzi. Kutoa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko kuivuta, huiamsha neva ya vagasi inayoshuka kutoka shina la ubongo hadi moyoni, na moyo unapungua kasi. Baada ya hapo ndipo kocha anasema jambo moja, fupi, kwa lugha ambayo kijana alifundishwa nayo. Jambo la pili ni la raundi inayofuata.

Adrenalini haifanyi kazi peke yake. Shina la ubongo hutuma amri chini kwenye uti wa mgongo kuzuia habari za maumivu zisipande, na kemikali za mwili zinazofanana na mofini huongeza kizuizi hicho. Bondia anaweza kuvunjika mfupa wa kiganja raundi ya pili na akaugundua anapovuliwa glovu.

Lakini ipo ngumi ambayo kizuizi hicho hakiiwezi. Ni ile ya kushoto inayoingia chini ya mbavu za kulia, lilipo ini. Hapa hutokea jambo linaloshangaza watazamaji: mtu anapigwa, anasimama sekunde moja au mbili kana kwamba hakuna kitu, kisha anapiga magoti. Maumivu ya viungo vya ndani hubebwa kwa sehemu kubwa na neva nyembamba zisizo na ala ya mafuta, zinazokwenda kama mita moja kwa sekunde, ndiyo maana yanachelewa. Yakifika, mfumo wa neva unapindua mambo: mapigo ya moyo na shinikizo la damu vinaweza kushuka, kiwambo cha kupumulia kinajikaza, na miguu inakataa. Bondia huyo ana akili zake zote. Anaisikia kila namba ya refa. Anataka kuinuka, na mwili haumtii. Anayemzomea mtu aliyeangushwa kwa ngumi ya ini hajui anachokisema.

Kinachotokea mtu akizimika

Kuzimika kwa ngumi ya kichwa ni habari nyingine kabisa. Ubongo, wenye uzito wa kilo moja na theluthi hivi, umeelea kwenye ugiligili ndani ya fuvu na ni laini mno. Ngumi iliyonyooka inakisukuma kichwa nyuma. Hiyo ni mbaya. Ngumi inayokizungusha kichwa ni mbaya zaidi. Fikiria jerikani lenye maji nusu limefungwa nyuma ya bodaboda, na dereva akakata kona ghafla: jerikani linageuka, maji yanabaki nyuma kwanza, kisha yanakuja kwa kishindo. Fuvu linapozungushwa, tabaka za nje za ubongo na zile za ndani hazigeuki kwa pamoja, na nyuzi ndefu za neva zinazoziunganisha zinavutwa na kusokotwa. Kidevu kiko mbali na mhimili wa shingo, kwa hiyo ngumi ya kidevuni ndiyo inayokizungusha kichwa kirahisi kuliko zote. Ule wimbo wa makocha wa "kidevu chini" ni somo la fizikia.

Nyuzi zikivutwa, milango midogo kwenye kuta za seli inafunguka ovyo. Potasiamu inamwagika nje, kalsiamu inaingia ndani, na seli zinaanza kutumia sukari kwa pupa zikijaribu kurudisha mambo mahali pake, wakati ule ule damu inayopelekwa kwenye ubongo imepungua. Kwenye shina la ubongo kuna mtandao wa seli unaotuweka macho na fahamu. Ukivurugwa, taa zinazimika. Mikono ikikakamaa angani wakati mtu anaanguka, hiyo ni dalili kwamba shina limeguswa, na refa hana haja ya kuhesabu hata moja.

Mabondia husema ngumi usiyoiona ndiyo inayokuangusha, na wako sahihi kuliko wanavyojua. Ubongo ukitabiri pigo, huikaza misuli ya shingo kabla, na kichwa kinakuwa kitu kimoja na mabega. Pigo lisilotabiriwa linakikuta kichwa kimelegea. Ndiyo maana uchovu unaua. Bondia wetu John Mugabi alipopambana na Mmarekani Marvin Hagler Las Vegas mwezi Machi 1986, alikuwa amemaliza mapambano yake yote ya kulipwa kwa KO. Hagler alimchukua mpaka raundi ya 11 ndipo akamwangusha. Raundi za namna hiyo zinakula kitu zaidi ya pumzi. Kila pigo lililoingia raundi ya tatu limepunguza kidogo ukali wa ramli ya raundi ya nne, na ya nne limepunguza ya tano. Baada ya Kim Duk-koo wa Korea Kusini kufariki kutokana na pambano la Novemba 1982, WBC ilipunguza mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12.

Watu wengi huamini kinga ya kichwa inatatua tatizo. Leo Rwabwogo na Eridadi Mukwanga walileta medali za Olimpiki nyumbani bila kuivaa, na Mugabi pia alipopata fedha Moscow mwaka 1980. Ililetwa kwenye Olimpiki mwaka 1984, na mwaka 2013 ikaondolewa tena kwa wanaume wa ngazi ya juu. Inazuia vizuri michaniko ya ngozi na michubuko. Mzunguko wa ubongo ndani ya fuvu haiuzuii. Glovu nazo zinailinda mifupa ya mkono wa mpigaji, na kwa hiyo zinamruhusu apige kichwa mara nyingi zaidi kuliko angethubutu kwa mkono mtupu.

Saa zinazofuata, na miaka inayofuata

Kipindi ninachokihofia zaidi ni baada ya taa za ukumbi kuzimwa. Mishipa myembamba ya damu inayotoka kwenye ubongo kwenda kwenye utando wa juu inaweza kuchanika, na damu ikaanza kukusanyika taratibu. Bondia anatoka ulingoni kwa miguu yake, anapiga picha na marafiki, anakula. Kisha kichwa kinauma na kuzidi, anatapika, anasinzia isivyo kawaida, maneno yanakuwa mazito, mboni moja inakuwa kubwa kuliko nyenzake. Hapo si suala la panadoli wala la "mwacheni alale". Ni hospitali, usiku huo huo, kwenye kipimo cha CT na daktari wa upasuaji wa ubongo. Klabu ya Rhino iko Katanga, bondeni kati ya Chuo Kikuu cha Makerere na Hospitali ya Mulago. Wapo vijana wanaofanya mazoezi mita mia chache tu kutoka hospitali kuu ya rufaa ya nchi. Umbali haujawa tatizo lao. Tatizo ni nani aliyebaki na kijana mpaka asubuhi.

Kupunguza uzito kwa kujinyima maji kunaongeza balaa. Mwili mkavu unachosha neva mapema, na bondia anapanda ulingoni ramli yake ikiwa tayari imepungua makali.

Ubongo uliotikiswa, hata kama mtu hakuzimika, unahitaji siku nyingi kurudi sawa. Kwa watu wazima wengi dalili huisha ndani ya wiki mbili, lakini nafuu anayoisikia mtu hutangulia uponaji wa seli. Pigo la pili ndani ya kipindi hicho linaweza kuleta uvimbe wa ubongo unaoua, hasa kwa vijana. Ngumi za ridhaa kwa miaka mingi zimeweka angalau siku 30 za kukaa nje kwa aliyepigwa KO ya kichwa. Siku hizo ni za kukaa nje ya sparingi pia, na hapa ndipo wengi wanapokosea: kijana haruhusiwi kupambana Lugogo, lakini Jumanne yuko klabuni anabadilishana ngumi na mwenzake.

Mwaka 1928 daktari wa Marekani, Harrison Martland, aliwaeleza mabondia wastaafu waliokuwa wakipepesuka na kuongea kama walevi. Leo inajulikana kwamba kwenye ubongo wa namna hiyo protini iitwayo tau hukusanyika na kuziua seli polepole, na uthibitisho kamili hupatikana kwa kuuchunguza ubongo baada ya kifo. Kumbukumbu inapotea, hasira inakuja bila sababu, mikono inatetemeka. Kinachohusishwa zaidi na maradhi haya ni jumla ya mapigo ya maisha yote, yakiwemo yale madogo ambayo hayakumwangusha mtu hata siku moja. Na mapigo mengi zaidi ya bondia hayako kwenye mapambano yake. Yako mazoezini. Bondia mwenye mapambano 40 anaweza kuwa na maelfu ya raundi za sparingi ambazo hakuna aliyezihesabu wala kulipia tiketi kuziona.

Kwa hiyo ningependa klabu zetu zihesabu. Ramli hujengwa kwa pedi, kwa hadaa, kwa kuguswa bega badala ya kupigwa kichwa, kwa sparingi ambayo mmoja anarusha jabu laini na mwenzake kazi yake ni kukwepa tu. Serebela haijali kama glovu iliyokukosa ilikuwa na uzito au haikuwa nao, inajifunza vilevile. Sparingi ya nguvu ibaki chache, iandikwe kwenye daftari, na iwe na sababu.

Daftari hilo hilo linaweza kubeba vipimo visivyohitaji mashine. Bondia asimame kwa mguu mmoja, macho amefumba, msimu unapoanza, na muda wake uandikwe. Mwenzake aachie rula ya sentimita 30 kati ya vidole vyake, na iandikwe ameidaka wapi. Baada ya pambano gumu arudie. Akiyumba mahali ambapo hakuwa akiyumba, au rula ikimponyoka, akae nje, na asiulizwe yeye kama yuko sawa, kwa sababu atajibu ndiyo. Na daftari hilo limfuate anapohama klabu. Vijana wanahama sana, na kocha mpya wa Jinja hana njia nyingine ya kujua kwamba huyu aliyeletwa kwake leo aliangushwa mara mbili Kampala mwezi uliopita.